Meli za kitalii: unauziwa bandari, halafu mkataba unasema hawakukuahidi bandari yoyote

Wakuu, salaam.

Kila likizo zinapokaribia watu wanaanza kuulizana kama safari ya meli ya kitalii inafaa kwa familia, na majibu ni yale yale: picha za bwawa la kuogelea, bufee isiyofungwa, jua likizama baharini. Nimechoka kunyamaza. Biashara hii imejaa changa la macho, na kubwa kuliko yote ni lile ambalo tangazo halitakuambia kamwe. Unauziwa bandari, lakini mkataba unaoukubali wakati wa kulipa hauahidi bandari hata moja.

Kabla hujanibishia, nenda kausome. Mikataba ya abiria ya kampuni kubwa karibu yote ina kifungu kinachompa nahodha na kampuni haki ya kubadili njia, kuruka bandari, kuweka nyingine badala yake au kupunguza saa za kukaa, na abiria hana cha kudai. Ile ramani yenye mstari kutoka kisiwa hadi kisiwa, iliyokufanya utoe hela, haiwafungi kwa lolote. Ulichonunua ni kitanda na chakula juu ya maji kwa siku kadhaa, basi.

Mimi na mke wangu tulichagua safari yetu kwa ajili ya mji mmoja tu. Bandari nyingine zote zilikuwa nyongeza. Asubuhi ya siku yenyewe tumeshavaa viatu vya kutembea, kipaza sauti kikalia: upepo ni mkali, hatutaingia. Tukatoka nje kwenye sitaha. Mji ulikuwa pale mbele yetu, kuta zake tunaziona, magari yanapita barabara ya pwani, vivuko vidogo vinaingia na kutoka. Sikatai kwamba meli ndefu yenye ghorofa kumi na kitu inakamata upepo kuliko kivuko, na nahodha anayegoma kwa ajili ya usalama wa watu simlaumu hata kidogo. Kilichonichoma ni kilichofuata. Saa moja haijaisha, kasino imefunguliwa, maduka yamefunguliwa, na ratiba mpya imeshasambazwa vyumbani: mnada wa picha, punguzo la saa za mkononi, bingo ya kulipia.

Sasa tafakarini hapo. Meli ikiwa bandarini, kasino na maduka yasiyo na ushuru kwa kawaida hufungwa, kwa sababu sheria za nchi nyingi haziruhusu. Abiria nao wako mjini, hela zao wanazitumia huko. Bandari ikirukwa, mambo yanageuka: kasino inafanya kazi kutwa, maelfu ya watu hawana pa kwenda, na ada ya bandari haikulipwa. Hasara yote inabaki kwa abiria, na kampuni inaingiza zaidi kuliko ingeingiza kama ingetimiza ilichotangaza. Sisi tulirudishiwa ada za bandari peke yake, tena kama salio la kutumia humo humo melini. Nauli haikuguswa. Tulipokwenda kwenye kaunta ya huduma kwa abiria, dada wa pale alitufungulia kifungu kwenye skrini akatusomea, kwa upole kabisa, na nyuma yetu foleni ya watu wenye swali lile lile ilikuwa imekunja kona.

Na kuhusu matembezi ya nchi kavu. Ukinunua kwa kampuni ya meli unalipa zaidi, mara nyingi zaidi sana, kuliko ukimtafuta mwongozaji mwenyewe. Lakini ukimtafuta mwenyewe halafu bandari ikarukwa, kupata hela yako ni juu yako na huyo mwongozaji. Na ukichelewa kurudi, meli inaondoka. Machi 2024 meli ya Norwegian Dawn iliwaacha abiria wanane kisiwani São Tomé, mmoja wao mjamzito, baada ya matembezi yao binafsi kuchelewa. Walinzi wa pwani wa kisiwa waliwapeleka kwa boti hadi ubavuni mwa meli, ikiwa bado imetia nanga, nahodha akakataa kuwapandisha. Walilazimika kuvuka nchi kadhaa wakijipangia safari wenyewe hadi walipoipata tena Senegali. Kampuni ilisema muda wa kurudi melini ni jukumu la abiria. Jukumu la abiria kufika bandarini kwa wakati lipo na linasimamiwa hadi dakika ya mwisho. Jukumu la meli kufika bandarini halipo.

Nije kwenye hela. Melini pesa taslimu haitumiki. Unapewa kadi, hiyo hiyo inafungua mlango wa chumba na hiyo hiyo inalipia kila kitu, na nyuma yake iko kadi yako ya benki. Usiku wa mwisho ndipo mahesabu yanatoka. Nauli uliyoiona kwenye tangazo inakuwa sehemu tu ya ulicholipa. Kuna tipu ya kila siku kwa kila kichwa, na kwenye baadhi ya kampuni inakatwa hata kwa mtoto mchanga. Kuna intaneti. Kuna mgahawa wenye chakula kizuri, ambao haumo kwenye "chakula chote kimelipiwa". Kuna asilimia ya huduma juu ya kinywaji, ilhali tipu ya siku umeshakatwa. Kifurushi cha vinywaji kwenye kampuni nyingi hauruhusiwi kumnunulia mtu mmoja: watu wazima wote wa chumba kimoja wanunue, hata kama mmoja hagusi pombe maishani mwake. Anayesafiri peke yake anatozwa nyongeza ya kulala peke yake, na mara nyingi inafikia nauli ya mtu wa pili ambaye hayupo. Na nani atakayebisha usiku ule? Asubuhi unatakiwa kushuka, mizigo imeshakusanywa, na kadi imeshakatwa.

Hiyo tipu nayo inaniudhi kwa sababu nyingine. Kijana aliyetutunzia chumba alikuwa kazini tunapoamka na alikuwa kazini tunapolala, siku saba za wiki, kwa mkataba wa miezi mingi bila kuona nyumbani. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006, ambao unaitwa wa ulinzi, unaruhusu saa 72 za kazi kwa wiki. Mshahara wa watu wa namna yake unategemea tipu. Maana yake abiria analipa nauli kwa kampuni, halafu anawalipa wafanyakazi wa kampuni, na tangazo linaonyesha nauli tu ili ionekane rahisi. Ukiondoa tipu kwa hasira unamkomoa kijana yule, hawatikisiki wenye meli. Wamepanga hivyo kwa makusudi.

Ugonjwa. Kwenye safari yetu watu walianza kutapika na kuharisha, vyumba vya jirani yetu vikawekewa alama, na wahusika wakaambiwa wasitoke. Wale wamepoteza siku zao na hawakurudishiwa kitu. Virusi vya noro, ambavyo huleta kutapika na kuharisha, vinapenda mazingira haya haya: vyoo, vishikizo vya ngazi, koleo za bufee zinazoshikwa na watu elfu kadhaa. Halafu mlangoni pa bufee umewekewa dawa ya kupaka mikononi, wakati virusi hivyo dawa yenye spiriti haivimalizi vizuri. Vinatoka kwa sabuni na maji yanayotiririka. Mwenye watoto ashike hilo. Na asisahau kwamba zahanati ya meli ni ya kulipia, kwamba bima ya afya ya nyumbani mara nyingi haikubaliki huko, na kwamba ukizidiwa ukachukuliwa kwa helikopta bila bima ya safari yenye kipengele hicho, deni lake linaweza kukufilisi.

Najua kuna watakaosema haya ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Februari 2020 meli ya Diamond Princess iliwekwa karantini Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711, na zaidi ya 700 kati yao walipata korona, huku wafanyakazi wakiendelea kupeleka chakula mlango hadi mlango na kurudi kulala vyumba vya kubanana. Februari 2013 moto uliwaka chumba cha injini cha meli ya Carnival Triumph katika Ghuba ya Mexico. Zaidi ya watu 4,000 walikaa siku kadhaa umeme haba, vyoo vimefurika, wanalala nje kwenye sitaha kwa harufu, hadi meli ilipovutwa kufikishwa Mobile, Alabama. Costa Concordia sitaieleza sana, wengi mnaijua: Januari 2012, kisiwa cha Giglio, Italia, meli iligonga mwamba ikalala ubavu, watu 32 walikufa, na miongoni mwa abiria walikuwamo mamia waliopanda siku hiyo hiyo ambao walikuwa bado hawajafanyishwa zoezi la kujiokoa.

Lakini ninachotaka mkishike zaidi ni sheria, maana hapo ndipo unapojua umesimama wapi. Meli inamilikiwa na kampuni yenye ofisi Miami, jimbo la Florida, Marekani, lakini inapeperusha bendera ya Bahamas, Panama, Bermuda au Malta, maana huko ndiko iliposajiliwa. Kampuni ya Royal Caribbean yenyewe imesajiliwa Liberia. Ukiumia melini, mikataba mingi ya kampuni hizi inakutaka utoe taarifa kwa maandishi ndani ya miezi sita na ufungue kesi ndani ya mwaka mmoja, na ufungue Miami tu, popote unapoishi duniani. Mama mmoja wa jimbo la Washington, upande wa pili kabisa wa Marekani, aliteleza melini akaumia, akataka kushtaki kwao. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1991 majaji wakaamua kwamba maandishi madogo ya kwenye tiketi yanamfunga, aende Florida.

Kwenye kifo ni mbaya zaidi. Marekani bado wanatumia sheria ya vifo vya bahari kuu ya mwaka 1920. Mtu akifia mbali na pwani kwa uzembe wa meli, familia inafidiwa kipato ilichopoteza na gharama, basi. Uchungu wa kufiwa hauhesabiwi. Mzee mstaafu au mtoto ambaye hakuwa analisha mtu, familia yake haipati cha maana. Mwaka 2000 Bunge la Marekani liliirekebisha sheria hiyo kwa ajali za ndege za abiria, familia zikaruhusiwa kudai zaidi. Abiria wa meli wakaachwa pale pale walipokuwa tangu 1920. Niliposoma hilo nilikaa nikaangalia ukuta.

Na bahari yenyewe wanayotuuzia? Desemba 2016 kampuni ya meli ya Princess Cruise Lines ilikubali kukiri makosa ya jinai na kulipa faini ya dola milioni 40, kwa kutumia bomba la siri kumwaga maji yenye mafuta baharini na kuficha ushahidi. Iliibuka kwa sababu mhandisi mmoja aliyekuwa ameajiriwa karibuni kwenye meli aliona bomba hilo mwaka 2013 akatoa taarifa kwa mamlaka za Uingereza. Kampuni mama ikawekwa chini ya uangalizi wa mahakama, na mwaka 2019 ikakiri kuvunja masharti ya uangalizi huo, ikalipa dola milioni 20 nyingine. Juni 2019 meli ya MSC Opera ilishindwa kusimama Venice ikagonga gati na boti ya watalii, na kuanzia Agosti 2021 Italia ikapiga marufuku meli kubwa kupita mfereji wa Giudecca mjini humo. Wenyeji walikuwa wamelalamika miaka mingi kabla ya hapo. Maelfu wanashuka asubuhi, wanajaza vichochoro, wanarudi kula melini walikokwishalipia. Mji unabaki na takataka na moshi.

Mtu asije kuniambia eti mbona wengine wanafurahi. Wanafurahi, nimewaona, na ningefurahi nao. Chakula kilikuwa kizuri, watu wa meli ni wakarimu, mke wangu alipenda sana kuamka baharini. Hasira yangu ni kwamba hela ya mji ule nililipa, mji sikuuona, na waliochukua hela hawadaiwi.

Sasa naomba waliowahi kurukiwa bandari waje hapa. Uliwaandikia? Walikurudishia hela taslimu au salio? Kuna aliyefanikiwa kupitia benki yake kwa kupinga makato ya kadi, au kupitia bima ya safari? Bima ipi, na walitaka ushahidi gani? Mimi nimetunza ratiba ya mwanzo, ile mpya waliyotusambazia asubuhi ile, na mahesabu ya usiku wa mwisho. Kama kuna mwanasheria humu anayejua mambo ya usafiri wa baharini, namuomba kwa heshima asome kifungu cha kubadili njia atuambie kama kuna nchi yoyote ambako mahakama imekikataa. Wauzaji wa tiketi za meli, nanyi karibuni, lakini jibuni hili moja kwanza: mteja akiwauliza kama bandari zilizotangazwa zina uhakika, huwa mnamjibu nini?