Tupeane uzoefu: Kununua pikapu ya zamani isiyo na kutu ikiwa mbali nawe

Pikapu_Sabini
Wakuu, uzi huu ni wa wanaonunua pikapu za zamani (Chevrolet C10, Ford F-100, Hilux za mwanzo, Datsun 620 na nyingine za rika hilo) zikiwa nchi nyingine na hawawezi kwenda kuzikagua. Hadithi za safari tuziache. Tuseme mtu aangalie wapi, aulize nini, na nini huharibika.

Naanza mimi. Neno "haina kutu" kwenye tangazo halina uzito mpaka muuzaji aseme anazungumzia kutu gani. Kuna kutu ya juu, ule wekundu unaotoka kwa brashi ya waya na bati likabaki zima. Hiyo haikatishi tamaa. Kuna kutu ya magamba, inayobanduka vipande, na hapo unene wa bati umeshaliwa. Halafu kuna iliyotoboa. Chesisi ya miaka 50 ambayo haina hata wekundu kidogo ndiyo ya kutilia shaka zaidi: ama imepigwa mchanga na kupakwa upya, na basi picha za kazi hiyo zipo, ama imefunikwa rangi nyeusi wiki iliyopita ili iuzike.

Kwa hiyo kati ya pikapu iliyofifia rangi na kupauka kwa jua, na inayong'aa kwa bei ileile, chukua iliyopauka. Rangi ya kiwandani iliyochakaa haifichi kitu.

Mzee wa Kuchomelea
Mkuu umesema kweli. Niongeze mahali pa kuangalia, maana watu hutumiwa picha arobaini za nje na hakuna hata moja yenye maana.

Gawa gari mafungu mawili kichwani. Kuna vinavyofungwa kwa bolti: madigadi ya mbele, boneti, milango, bumpa, na bodi yote ya nyuma. Vikioza unavifungua, unafunga vingine. Na kuna vilivyochomelewa: sakafu ya kebini, vizingiti vya milango, pembe za chini za kebini nyuma ya milango, nguzo za kioo, mfereji wa maji juu ya milango, na chesisi yenyewe. Hivi ndivyo vinavyokula hela, kwa sababu kila kipande kinashikana na kingine, na kebini ikikatwa bila kufungiwa mihimili ya muda, milango haitafunga tena sawasawa.

Kwenye C10 za 1967 hadi 1972 anza na matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele. Majani na vumbi huingia humo, hukaa, hunyonya maji, na bati huoza kutoka ndani huku nje pakionekana safi. Maji hayo hushuka pembeni mwa miguu ya dereva na abiria, yakafika kwenye vizingiti. Ukiona rangi imevimba vipele sehemu ya chini ya digadi la mbele, karibu na mlango, hesabu kwamba na ndani ya kizingiti mambo si mazuri.

F-100 za miaka hiyohiyo, tazama mfereji wa maji wa paa, maunti za kebini (mabano yanayoishikilia kwenye chesisi), na bati linaloshikilia rejeta. Zote mbili, C10 na F-100, tangi la mafuta liko ndani ya kebini nyuma ya siti, kwa hiyo omba siti ivutwe mbele na sakafu chini ya tangi ionekane. GM, watengenezaji wa Chevrolet, walilihamishia nje ya reli za chesisi kuanzia modeli ya 1973.

Hilux: chesisi inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma. Matope hukaa hapo, na kwa kuwa reli imefungwa pande zote, hula kutoka ndani. Si tatizo la mikweche tu. Tacoma, pikapu nyingine ya Toyota, za 1995 hadi 2000 zilioza chesisi Marekani kiasi kwamba mwaka 2008 Toyota waliongeza dhamana yake na kununua tena baadhi ya magari.

Jambo moja watu hulipuuza: kutu huvimba. Inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Mahali ambapo mabati mawili yamelaliana, ukiona yameachana au riveti zimevutwa, kutu iko katikati na hakuna dawa ya kupaka itakayoifikia.

Dada Bisibisi
Picha hazitoshi, taka video. Iwe mchana, kamera isikatwe, ianzie namba iliyogongwa kwenye chesisi kisha ikaingie chini. Mwombe mtu aliyeko kule afanye hivi:

Achukue sumaku ndogo, aifunge kitambaa isikwangue rangi, aipitishe kwenye vizingiti, pembe za kebini na sehemu ya chini ya milango. Pale isiposhika kuna filla (uji wa kuzibia mashimo ya bati) au faibaglasi.

Agonge chesisi kwa nyundo ndogo kila kiganja kimoja. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa sauti ya kufa, na sauti hiyo kwenye video inasikika vizuri tu.

Achokonoe kwa bisibisi pale palipo na magamba. Muuzaji akikataa bisibisi, hapo una jibu lako.

Ainue mkeka wa sakafu, wote, si kona moja. Kisha afungue mlango na kuonyesha matundu ya kutolea maji chini yake. Yakiwa yamezibwa kwa rangi au filla, mlango umewahi kutengenezwa na maji sasa hayana pa kutokea.

Ukimlipa mkaguzi wa kujitegemea, mwambie aje na kipimo cha unene wa rangi. Rangi ya kiwandani kwa kawaida husoma kati ya maikroni 80 na 150. Mia tatu maana yake imepakwa tena, jambo la kawaida kwa gari la umri huu. Ikipita 1000 unapima filla, yaani milimita nzima juu ya bati ambalo lenyewe halizidi sana milimita moja. Na kamera nyembamba ya waya ipitishwe kwenye matundu ya reli za chesisi na ndani ya vizingiti. Ni dakika chache, na ndiyo inayoonyesha ambacho nyundo haijakisema.

Ndoto_F100
Wadau, mbona mnahangaika? Si unatafuta la Arizona au New Mexico, kule hakuna mvua wala chumvi barabarani, mchezo umekwisha.

Mzee wa Kuchomelea
Kijana, gari linauzwa Arizona, lakini limeishi wapi? Hiyo ndiyo hoja. Madalali huyatoa majimbo ya theluji na kuyauzia jangwani kwa sababu anwani ya jangwani hupandisha bei. Omba historia ya usajili, au risiti za zamani za matengenezo zenye jina la mji.

Na chumvi haiachi kazi gari likihama. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu ukifika kama asilimia 75. Magnesi kloridi, inayomwagwa barabarani sehemu nyingi wakati wa barafu, huanza kwenye kama asilimia 33. Ikishakaa katikati ya mabati, hata usiku wa kawaida wa nchi kavu unatosha kuilowesha. Bati safi lisilo na chumvi, kwa kulinganisha, halioti kutu kwa kasi mpaka unyevu uvuke asilimia 60 hivi.

Karatasi_ya_Mnada
Kwa wanaotoa Hilux au Datsun Japani: usidhani kila gari la Japani ni safi. Hokkaido na kaskazini ya Honshu hupata theluji nyingi na barabara humwagiwa dawa za kuyeyusha barafu. Uliza gari lilisajiliwa mkoa gani.

Kwenye karatasi ya ukaguzi ya mnada, tafuta herufi mbili kwenye mchoro wa gari: S ni kutu, C ni kutu iliyokula chuma. Namba inayofuata hupanda kwa ukubwa wa tatizo. W ni bati lililonyooshwa na kupakwa, X ni la kubadilishwa, XX limeshabadilishwa. Kisha soma maelezo ya mkono ya mkaguzi, maana ya chini ya gari mara nyingi huandikwa pale na si kwenye mchoro. Mpe mtu anayejua Kijapani ayasome kabla ya kuweka dau.

Dada Bisibisi
Pesa na karatasi, kwa ufupi. Magari kabla ya modeli ya 1981 hayana ile namba ya tarakimu na herufi 17. Kila kampuni ilikuwa na mtindo wake. Kwa hiyo linganisha namba ya kibati, ya chesisi na ya hati ya umiliki, herufi kwa herufi. Zikitofautiana hata moja, usitume kitu. Hati iwe kwa jina la anayeuza, isiwe na deni la benki, na isiwe na alama ya gari la mafuriko. Gari la mafuriko hujisema kwenye skrubu za chini ya dashibodi na springi za siti: huko hakuna mvua inayofika, kwa hiyo kutu hapo haina kisingizio.

Malipo yaende akaunti yenye jina lililo kwenye hati. Amana iwe ndogo, na mkataba useme inarudi ukaguzi ukikuta tofauti na maelezo. "Kampuni ya kutunza fedha" iliyopendekezwa na muuzaji mwenyewe, achana nayo.

Na kabla ya yote hayo, sheria ya umri ya nchi gari linakokwenda. Marekani husamehe viwango vyake vya usalama gari likitimiza miaka 25, Kanada 15. Kwingine ni kinyume kabisa, gari likizeeka haliingii. Australia wanakataa asibesto popote ilipo, na kwenye gari la zamani ipo kwenye breki, klachi na gasketi. Tena hawataki udongo chini ya gari.

Bwana Kontena
Usafirishaji. Ro-ro, yaani meli ambayo gari huendeshwa kuingia na kutoka, ni nafuu, lakini gari liwake, lipinde kona na breki zishike, na vitu vya ndani mara nyingi haviruhusiwi. Kontena la futi 20 lina urefu wa ndani wa mita 5.9 hivi, na mlango wa upana wa mita 2.34. C10 yenye bodi ndefu ina kama mita 5.3 kwa 2, kwa hiyo inaingia, ila atakayeiingiza atatokea dirishani. Au isukumwe kwa winchi.

Ifungwe kwa mikanda ya magurudumu au ekseli. Wakiifunga kwenye chesisi, springi hucheza safari nzima na mkanda unalegea. Tangi lisizidi robo, waya wa betri ufunguliwe, na vifuko vya kunyonya unyevu viwekwe, kwa sababu kontena hutoa jasho joto likibadilika baharini. Usisaini mapokezi kabla ya kulinganisha gari na picha za siku ya kupakia. Likija kwa ro-ro, osha chini kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, na uingize maji ndani ya reli za chesisi.

Pikapu_Sabini
Swali lililobaki, la bajeti. Gari la nchi kavu bati lake ni zuri, lakini jua limeua kila kitu cha mpira na plastiki. Mnaanza na nini likishafika?

Mzee wa Kuchomelea
Tairi, hata kama kashata ni ndefu. Tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyo ubavuni mwa tairi, ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Zikiwa tatu, tairi ni la kabla ya 2000, usiliendeshe hata kilomita moja. Halafu mipira ya breki na silinda za magurudumu, hozi za mafuta, hozi za maji. Mafuta ya tangi ya zamani yamwagwe, usijaribu kuwasha nayo. Mpira wa kioo cha mbele nao ubadilishe kabla ya mvua ya kwanza, umeshapasuka hata kama huoni, na maji yake yanashuka moja kwa moja kwenye ile sakafu uliyolipia kwa sababu haina kutu. Ukitoa kioo, safisha matundu ya hewa ya chini yake. Panya hupenda kujenga humo, na mkojo wao hula bati hata jangwani.