Naomba ushauri: udereva wa kujihami katika foleni za Dar es Salaam, macho yatazame wapi kwanza?

Mgeni_wa_Kimara: Ndugu zangu, habari za kazi. Nimehamia Dar es Salaam kikazi kutoka Songea, ambako nimeendesha gari kwa miaka kadhaa bila tatizo. Sasa kila asubuhi natoka Kimara, napita Ubungo na kushika Barabara ya Mandela hadi Buguruni, nikiwa na mwanangu kiti cha nyuma. Kinachonisumbua ni wingi wa mambo yanayotokea kwa wakati mmoja: daladala inasimama ghafla mbele yangu, bodaboda wawili wananipita kushoto na kulia, muuza maji anakatiza katikati ya magari, na nikimtazama mmoja najikuta nimempoteza mwingine. Nikiacha nafasi mbele kama nilivyofundishwa, gari jingine linachomekea papo hapo na walio nyuma wananipigia honi. Naombeni ushauri kwa mlioizoea barabara hii.

Mwalimu_wa_Usukani: Karibu jijini, dada yangu. Usijaribu kuvitazama vyote kwa uzito mmoja. Anza mbali, pale gari lako litakapofika baada ya sekunde kumi au zaidi, rudi karibu, pitia vioo, kisha anza upya, bila kuliacha jicho ligande mahali pamoja. Katika mzunguko huo, tafuta dalili. Daladala haisimami ghafla kama inavyoonekana: kabla ya kusimama, konda amekwisha kuchomoza kichwa, mtu kituoni amenyanyua mkono, na tairi la mbele limeanza kuelekea kushoto hata kama indiketa haijawashwa. Inapoondoka pia, tairi hugeuka kabla bodi haijasogea, ndiyo maana mimi huliamini tairi kuliko taa. Ikiwa imesimama, tupia jicho chini ya bodi yake. Ukiona miguu inaelekea upande wa mbele, kuna mtu anayekaribia kutokeza mbele yako. Ikiwa imesimama kwenye kivuko cha pundamilia, usiipite mpaka ujue imesimama kwa ajili ya nani.

Kuhusu nafasi, usiipunguze kwa sababu ya honi. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria katika maeneo ya makazi, gari hukata karibu mita 14 kila sekunde, na sekunde nzima inaweza kuisha kabla mguu haujafika kwenye breki. Chagua nguzo, gari la mbele likiipita, hesabu taratibu "mia moja na moja, mia moja na mbili." Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, umekaribia mno. Mvua ikinyesha, hesabu mara mbili ya hapo. Anayechomekea mwache aingie, kisha ondoa mguu kwenye mafuta kidogo na nafasi yako itarudi.

Mkazi_wa_Tabata: Nakubaliana na Mwalimu, isipokuwa hapo pa kumwachia kila anayechomekea. Katika foleni nzito karibu na mataa, ukiacha nafasi ya gari zima, watanuaji wote, yaani wanaokwepa foleni kwa kupita pembeni, wataingia kwako, na walio nyuma wataanza kukupita ovyo kwa hasira, jambo ambalo nalo ni hatari. Magari yakiwa yanatambaa, inatosha uone tairi za nyuma za gari lililo mbele yako zinapogusa lami. Nafasi hiyo inakuwezesha kukata usukani na kutoka endapo gari hilo litazimika.

Mwalimu_wa_Usukani: Kwa mwendo wa kutambaa, sawa kabisa. Foleni ikifunguka tu, hesabu ya sekunde irudi.

Boda_Buguruni: Dada, mimi ni mwendesha bodaboda. Foleni ikisimama, tunapita katikati ya safu za magari, na wengine hupita kushoto kabisa, karibu na ukingo. Tunaumia zaidi pale gari lililokuwa limetulia linapohama safu au kukunja kushoto bila taarifa. Washa indiketa mapema, tazama kioo, kisha geuza kichwa, kwa sababu ubavuni, usawa wa mlango wa nyuma, kuna sehemu ambayo kioo hakiionyeshi. Usiyumbe kwa nia ya kutupisha. Shika mstari wako, kwani tunakadiria njia tukiamini utabaki ulipo. Na mtoto asifungue mlango wowote kabla hujamwambia.

Mama_Abiria: Naongeza jambo moja la Mandela, kwa sababu malori ya bandarini ni mengi. Usipoviona vioo vya pembeni vya lori, dereva wake hakuoni. Semi-trela inayokata kona kushoto huanza kwa kutanuka kulia, na pengo linaloachwa kushoto kwake si njia yako.

Mgeni_wa_Kimara: Nawashukuru sana nyote, na ndugu wa bodaboda nakushukuru kwa namna ya pekee. Limebaki jambo moja: jioni, giza likiwa limeingia, nakunja kulia Kimara na kukatiza njia ya mabasi ya mwendokasi. Nifanyeje?

Mwalimu_wa_Usukani: Kama kuna askari, mkono wake ndio unaotawala hata taa ikionyesha vingine. Taa ikikuruhusu, bado tazama pande zote mbili, na basi moja likishapita usiondoke nyuma yake papo hapo, kwa sababu basi linalokwenda huficha linalokuja. Subiri mkia wake usogee uione njia ya pili yote. Usianze kuvuka kama ng'ambo hakuna nafasi ya kutosha gari lako zima. Wakati unasubiri, tairi za mbele ziwe zimenyooka, ili ukigongwa kwa nyuma usisukumwe kwenye njia ya basi.