PAG, KAG, PEFA, Church of God: barua ya kanisa ipelekwe wapi Nakuru?

Mama_Luanda
Bwana asifiwe wapendwa. Binti yangu amelelewa PAG (Pentecostal Assemblies of God) huku Luanda, Vihiga. Amepata kazi Nakuru, na karibu na anakoishi kuna vibao vinne: KAG (Kenya Assemblies of God), PEFA (Pentecostal Evangelistic Fellowship of Africa), Church of God na United Pentecostal. Ni kanisa moja lenye majina mengi? Ubatizo wake utakubaliwa? Na barua ya pasta wetu ya kumtambulisha aandikiwe nani?

Mwalimu_Nyangori
Amina mama. Si kanisa moja. PAG mizizi yake ni hapa Nyang'ori, kwa wamisionari Otto na Marian Keller. Mwaka 1924 misheni yao iliingia chini ya Wapentekoste wa Kanada, na 1965 ikajitegemea. KAG inahusiana na Assemblies of God ya Marekani, iliyoanzishwa Hot Springs, Arkansas, mwaka 1914. Mafundisho yanakaribiana mno: kuzamishwa majini kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, na kunena kwa lugha kuwa dalili ya ubatizo wa Roho. Uongozi ndio mbalimbali. Askofu wa PAG hana sauti KAG. PEFA ni muungano wa 1962 wa misheni mbili za Kipentekoste, na huko pia hatapata tabu. Ila kwa nini asianze na PAG yenyewe? Pasta wenu aulize makao makuu ni ushirika gani, yaani kanisa gani la mahali, ulio karibu na binti.

Kima_Junction
Church of God msiichukulie kwa jina. Ile ya Kima, Emuhaya, iliyoanza 1905, ni ya ukoo wa Church of God ya Anderson, Indiana, Marekani. Ni watu wa utakatifu, si Wapentekoste: wanaoshana miguu, na kunena kwa lugha hawakuhesabu kuwa dalili ya lazima. Church of God ya Cleveland, Tennessee, pia ya Marekani, ni ya Kipentekoste kabisa. Majina karibu sawa, mafundisho tofauti! Amwulize pasta: makao makuu yenu ya ng'ambo ni Anderson au Cleveland?

Nyar_Kondele
Penye uzito ni United Pentecostal. Wao hubatiza kwa jina la Yesu pekee na hawafundishi Utatu. Ubishi huo ni wa zamani. Mwaka 1916 Assemblies of God ilishika Utatu na wachungaji wengi wakatoka. Aliyebatizwa PAG atatakiwa kuzamishwa upya. Asishtukie mbele ya kisima cha ubatizo, aulize mapema.

Mwalimu_Nyangori
Kuhusu barua: aandikiwe mchungaji wa ushirika anaoingia, kwa jina kamili la kanisa, si "Assemblies of God" tupu. Iwe na majina yake matatu, tarehe na mahali pa ubatizo, neno "kuzamishwa", hali yake ya uanachama kanisani, huduma aliyokuwa nayo (kwaya, Sunday school), sahihi na muhuri. Nakala ibaki kwenu. Wengi hukwama kwa kuleta cheti cha kuwekwa wakfu utotoni wakidhani ni cha ubatizo. Makanisa haya hayabatizi watoto wachanga.

Mama_Luanda
Na akija kuolewa hukohuko?

Kima_Junction
Aulize kama pasta ana leseni ya kufungisha ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014. Kanisa kusajiliwa na Msajili wa Vyama ni jambo jingine, na pasta wa ushirika mdogo aghalabu humwita mwenye leseni kutoka ushirika mwingine.