Nianzeje kutunga sentensi za Kihispania?

Swali: Habari zenu wadau, naombeni msaada. Nimeshakariri maneno mengi tu ya Kihispania ila kuyaunganisha yawe sentensi ndo nakwama, mfano nataka kusema ninakula mkate, je niandike *yo comer pan* au vipi?

Jibu: Hapana, *comer* ni kula tu, bado haijabeba mtu. Toa hiyo -er weka -o, unapata *como pan*, na *yo* wala sio lazima maana ile -o ishasema ni mimi, ni kama "ni" ya ninakula ila wao wanaiweka mwishoni. *Comes* unakula, *come* anakula, *comemos* tunakula. Komaa na wakati uliopo kwanza kwa *hablar* (kuongea), *comer* na *vivir* (kuishi), mambo ya wakati uliopita yaache kabisa kwa sasa.

Jibu: Kukanusha rahisi mno, *no como pan*. Na sifa mara nyingi inakaa nyuma ya jina halafu inabadilika kulifuata, *la casa blanca* (nyumba nyeupe moja), *las casas blancas* (nyumba nyeupe nyingi), sisi tuliozoea ngeli hapo hatusumbuki.

Jibu: Penye kazi kwelikweli ni *ser* na *estar*, zote mbili maana yake ni kuwa. *Soy alto*, mimi mrefu, *estoy cansado*, nimechoka (mwanamke anasema *alta*, *cansada*). Ila usishike tu kwamba *estar* ni ya vitu vya kupita, mahali pia inatumika hiyohiyo, *Madrid está en España*, na mji hauhami.

Muuliza swali: Asanteni sana, kwahiyo hatuishi Madrid ni *no vivimos en Madrid*?

Jibu: Eeh, hivyohivyo!