Naomba ushauri: kubadili baiskeli chini ya mlima, hesabu yake ikoje?

Wakuu, kila nikirudia hatua ya 20 ya Tour de France 2020 moyo unaenda mbio kana kwamba matokeo siyajui. Kilomita 36.2 za kushindana na saa, kila mpanda peke yake, hadi juu ya mlima La Planche des Belles Filles; Roglič, aliyekuwa akiongoza mashindano, ana akiba ya sekunde 57 mbele ya mpinzani wake Pogačar, anafika juu kofia imekaa upande na yuko nyuma yake kwa sekunde 59 kwenye muda wa jumla wa hatua zote! Acheni tu.

Wote wawili waliacha baiskeli ya kushindana na saa mlima ulipoanza, wakachukua ya kawaida, iliyo nyepesi zaidi. Hapo ndipo nakwama. Mpanda na baiskeli wakiwa kilo 75, kupunguza kilo 1 ni asilimia 1.3, kwenye mlima wa dakika 16 hiyo ni sekunde 12 hivi. Lakini kusimama, kushuka, kupanda na kurudisha mwendo kunakula sekunde. Makanika akisukuma vibaya, au gia ikiwa nzito, faida yote imekwenda.

Na mwinuko ukipungua, upepo unarudi kuwa adui, maana kwenye baiskeli ya kawaida mikono iko juu, kifua wazi.

Wenye uzoefu: mnaanza kubadili kwenye mwinuko wa asilimia ngapi, na mlima uwe na urefu gani? Mnabadili pale pale unapoanza, au kabla, kwenye kona ambapo mwendo tayari umepungua? Mimi naegemea kwenye kona.