Chembe zinazojisukuma zenyewe hudhibitiwa vipi?

Swali (Tunguu, Unguja)

Assalamu alaykum. Ninatayarisha mada ya semina kuhusu koloidi hai, yaani chembe ndogo mno zinazojisukuma zenyewe ndani ya kimiminika na kujipanga makundi bila ya mtu kuzishika. Nimesoma kwamba mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walizimulika kwa mwanga wa buluu zikajikusanya kuwa fuwele, na mwanga ulipozimwa zikatawanyika. Je, mwanga huo unazivuta kama karabai inavyowavuta dagaa?

Jibu la kwanza (Chake Chake)

Wa alaykumu s-salaam, ndugu yangu. Huo mfano wa karabai uuache, kwa sababu dagaa huifuata taa, ilhali chembe hizo hupewa tu na mwanga nguvu ya kwenda. Kila moja ni tufe la polima lililobeba kipande cha hematiti (madini ya chuma na oksijeni), ambayo ikipigwa na mwanga wa buluu huchochea hidrojeni peroksidi iliyomo majini ivunjike kuwa maji na oksijeni. Ukolezi wa kemikali hutofautiana kuizunguka chembe, na tofauti hiyo huzusha mkondo unaoisukuma na kuzivutia jirani zake. Mwanga ukizimwa hubaki mwendo wa Brown peke yake, yaani kutikisika ovyo kwa chembe zinapogongwa na molekuli za maji, nao huivunja fuwele. Kwa kuwa hematiti ina usumaku kidogo, fuwele hizo huweza pia kuongozwa kwa sumaku.

Jibu la pili (Mjini)

Naafiki, ila kiini cha udhibiti nakiona kwingine. Hata pasipo mvutano wowote, chembe mbili zikigongana uso kwa uso huzibiana njia mpaka mojawapo igeuke, na zikiwa nyingi huwahi kufika nyingine kabla ya hapo, kundi likakua. Kwa hiyo muda wa kugeuka ni jambo kubwa: tufe lenye kipenyo cha maikromita 2 ndani ya maji huchukua takriban sekunde 6, na ukiongeza kipenyo mara 2, muda huo huwa mara 8. Unapochagua ukubwa, wingi na kasi, umekwisha kuamua kama makundi yatatokea.

Muulizaji

Shukrani sana. Na mahali pa kundi kutokea, je?

Jibu la pili

Punguza kasi pale unapopataka, maana chembe hai hurundikana zinapokwenda polepole. Mwaka 2018 watafiti wa Roma walichora picha kwa bakteria ambao kasi yao hutegemea mwanga, nao wakajaa penye mwanga hafifu. Katika semina yako ningeanzia hapo.