Mrejesho: Kompyuta iliyokuwa ikipiga bipu mfululizo

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kuhusu kompyuta ya mezani inayopiga bipu fupifupi ikishatumika kwa muda, hasa nikiwa natazama video. Wengi mlisema tatizo ni RAM (vipande vya kumbukumbu ya muda ya kompyuta). Nilizichomoa, nikazisafisha, nikazirudisha, kelele palepale. Aliyeniuliza bipu zinaanza lini ndiye aliyenifumbua macho: RAM ikiwa na hitilafu, kwa kawaida mashine hulia inapowashwa tu, kabla hata picha haijatokea. Yangu ilikuwa kengele ya joto! Nilipoingia BIOS (ukurasa wa mipangilio ya msingi ya kompyuta), prosesa, yaani ubongo wa mashine, ilisoma zaidi ya nyuzijoto 90. Feni imezibwa na vumbi, pesti ya kupoozea, ile inayopakwa juu ya prosesa kupitisha joto, imekauka kabisa. Nimesafisha na kupaka pesti mpya, bipu zimekoma. Asanteni sana, mmeniepusha kununua RAM bure.